Mama mkwe anataka kunikanda, nami nina mshono

Mama Kichanga, Mtwara mjini
Shikamooni mama zangu. Leo ni siku ya 9 tangu nijifungue kwa upasuaji, na mama mkwe wangu amekuja kutoka Newala kuniuguza. Ananipikia uji wa mtama wenye pilipili manga, anafua nepi, na usiku hunipokea mtoto ili nipate usingizi. Tatizo ni kwamba kila asubuhi hubandika sufuria ya maji, yakichemka huchovya kitambaa na kutaka kunikanda tumbo ili damu iliyoganda itoke. Nilipomwomba asubiri alinyamaza, na ukimya wake unanisumbua kuliko kama angenigombeza. Nifanyeje nilinde mshono bila kumvunjia heshima?

Mkunga Mstaafu, Lindi
Marahaba, mwanangu. Tumbo hilo lisikandwe. Damu ya uzazi husukumwa nje na mfuko wa uzazi wenyewe unapojikaza, na kinachousaidia ni mtoto kunyonya. Ndiyo maana pengine unasikia tumbo likikubana mara tu anaposhika ziwa. Maji ya moto hayaongezi lolote katika kazi hiyo, ila huweza kukubabua ngozi na kuuharibu mshono. Usafishe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, uukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na usiupake dawa yoyote ambayo hukupewa hospitalini. Usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako, hata kama ndoo imesimama mlangoni na hakuna mtu wa kuiingiza.

Hudhurio la kliniki la siku ya 7 baada ya kujifungua limekwisha kupita. Kama hukwenda, nenda kesho, usingoje la siku ya 28. Ukiona pedi inalowa yote ndani ya saa moja, homa, usaha kwenye mshono au uchafu unaonuka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu nayo usiyalalie, kwa sababu kifafa cha mimba huweza kumpata mzazi hata baada ya kujifungua.

Mama Wawili, Mikindani
Pole, mdogo wangu. Kule Newala, juu uwandani, maji hayapatikani kirahisi, kwa hiyo anayekuchemshia sufuria nzima amekupa kitu cha thamani, na ukiyakataa maji huenda yeye akaona umemkataa mwenyewe. Mimi wa kwangu nilimwomba anikande mgongo na mabega kwa maji ya uvuguvugu, kisha nikaenda naye kliniki ili habari ya mshono aisikie kwa muuguzi, si kwangu. Vidonge vya kuongeza damu usivinywe pamoja na chai. Halafu, arobaini isikufunge kitandani: tembea taratibu uani, kwani kulala tu huweza kugandisha damu miguuni. Tena ukijikuta unalia bila sababu, siku hizi za mwanzo ni jambo la kawaida, lakini kukizidi wiki mbili umweleze muuguzi bila aibu.

Mama Kichanga
Ahsanteni sana. Asubuhi hii nilimgeuzia mgongo nikamwambia, "Mama, hapa ndipo panaponiuma." Aliyapooza maji, akayapima kwa kiwiko kama anavyompimia mjukuu wake, akanikanda mpaka nikasinzia. Sasa anauliza kliniki ya kesho inaanza saa ngapi.