Kupiga kambi wikendi kando ya ziwa kwa basi, bila gari: inawezekana au najidanganya?

Mzururaji_mpya

Wakuu habari za humu. Naomba mawazo yenu. Mimi na rafiki yangu hatuna gari wala hatuna mpango wa kukodi, ila tumechoka kila wikendi kukaa ndani tunaangaliana na simu. Tumepata hifadhi mbili ziko kando ya ziwa, zote zinaruhusu kulala kwenye hema na zote zina basi linalopita barabara kuu karibu nazo. Tulivyopanga ni hivi, Jumamosi asubuhi tunapanda basi la kwanza, tunashuka hifadhi ya kwanza, tunasimamisha hema, tunaogelea, tunalala, Jumapili asubuhi tunakunja kila kitu tunapanda basi jingine mpaka hifadhi ya pili, tunashinda huko halafu jioni tunarudi mjini maana Jumatatu kazi iko palepale.

Vitu tulivyonavyo: hema la kuazima la watu wanne, jiko dogo la gesi, sufuria, mablanketi mawili mazito, viti viwili vya kukunja na boksi la barafu. Sijawahi kulala nje hata usiku mmoja maishani. Huu mpango una akili au tutaenda kuchekwa na ndege?

Kigingi

Mkuu wazo ni zuri sana, ila umelipanga kichwa chini miguu juu. Mtu wa basi hapangi kuanzia kwenda, anapanga kuanzia kurudi. Kwanza ujue basi la mwisho la Jumapili linapita saa ngapi pale barabarani, halafu lisahau kabisa hilo, mpango wako uwe ni kupanda linalotangulia kabla yake. La mwisho ni la akiba tu. Mimi niliwahi kuuliza ofisi moja ya tiketi nikaambiwa la mwisho ni saa kumi na moja jioni, nikatulia nikaogelea nikakausha na taulo kabisa, kumbe hiyo ilikuwa ratiba ya siku za kazi, Jumapili la mwisho lilikuwa limeshapita saa tisa. Tulilala stendi tumekumbatia mabegi. Kwa hiyo usiulize tu "basi la mwisho saa ngapi", uliza "Jumapili saa ngapi" na uliza watu wawili tofauti.

La pili, hapo uliposema "karibu nazo". Karibu ni kilomita ngapi? Hapo ndo safari za basi zinafia, sio kwenye basi lenyewe. Kuna kanuni ya zamani ya jamaa mmoja wa Scotland anaitwa Naismith, aliitoa mwaka 1892 na mpaka leo wapanda milima wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Lakini hiyo ni ya mtu aliyezoea na njia nzuri. Wewe na begi zito, jua la saa saba, kila baada ya dakika kumi unasimama kuvuta kamba za begi, hesabu kilomita 3 kwa saa utakuwa mkweli zaidi. Na uwe umefika kambini angalau saa mbili kabla ya jua kuzama, kusimamisha hema ngeni gizani ni kazi ya kuvunja urafiki.

La tatu, hifadhi mbili kwa siku mbili achana nayo. Jumapili yako yote itaishia kukunja, kusubiri, kupanda, kushuka. Chagua moja, ile ambayo geti lake liko karibu zaidi na barabara hata kama kwenye picha ile nyingine ni nzuri kuliko.

mama_wawili

Kigingi kamaliza habari ya basi, mimi niongelee begi maana hiyo orodha imenichekesha kidogo, samahani lakini. Viti na boksi la barafu ni vitu vya mtu mwenye buti la gari. Kwenye basi kila kitu lazima kikae mgongoni kwako na mikono ibaki mitupu, ukianza kushika hiki mkono wa kulia na kile mkono wa kushoto umeshaharibu. Kipimo wanachotumia watu wengi ni begi lisizidi asilimia 20 ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 60 abebe kilo 12 basi, na humo ndani kumbuka maji, lita moja ni kilo moja, hayana huruma.

Hema la watu wanne ni zito bure, watu wawili mnatosha kwenye la wawili au la watatu ambalo mara nyingi ni kilo 2 mpaka 3 hivi. Kama ni hilohilo la kuazima basi ligawaneni, mmoja abebe turubai mwingine abebe nguzo na vigingi. Msije mkabishana njiani nani kabeba zaidi, pimeni kwa mizani nyumbani mmalize.

Halafu mablanketi. Hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndo kosa langu la kwanza kabisa na sikulala usiku mzima. Baridi ya kambini haitoki juu, inatoka CHINI. Ardhi inakunyonya joto usiku kucha, na blanketi au begi la kulalia ukilikandamiza kwa mgongo wako linakuwa kama halipo maana kinachotunza joto ni ile hewa iliyomo ndani yake na wewe umeshaikamua yote. Kwa hiyo godoro lile jembamba la povu la kukunja ni muhimu kuliko blanketi la pili. Bebeni magodoro mawili mepesi, blanketi moja au mabegi ya kulalia, na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana hata iweje. Pamba ikilowa inachelewa kukauka na inakupoza, kwa hiyo fulana uliyotembea nayo na jasho lake usilale nayo.

Na viti... kalia godoro lako bwana.

Msela_wa_Ufukweni

Mnamtisha mwenzenu. Mimi naenda na kaptula, hema na mkate na sijafa. Ukishafika weka hema mita mbili kutoka kwenye maji, fungua zipu asubuhi unaliona ziwa lote, hiyo ndo raha yenyewe, mengine yote mbwembwe.

Kigingi

@Msela mita mbili hapana kaka. Nimelala hivyo, nakubali ile picha ya asubuhi ni tamu, lakini kila kitu kilikuwa kimelowa na mvua haikunyesha. Hewa ya baridi usiku inashuka inakaa mahali pa chini, na mahali pa chini kuliko pote ni hapo ufukweni, juu yake unyevu wa ziwa na pumzi zenu wawili mmefunga zipu mpaka juu kwa kuogopa mbu, asubuhi matone yananing'inia ndani ya hema mnadhani limevuja. Panda juu kidogo, mahali palipoinuka na tambarare, na acha matundu ya hewa wazi, wavu upo kwa ajili ya mbu.

Upepo nao una tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji kwa hiyo upepo unatoka ziwani kuja kwako, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mtu anayesimamisha hema saa tisa alasiri anaona upepo unatoka upande mmoja anadhani utabaki hivyohivyo. Pigilia vigingi pande zote, na kamba zote zifungwe hata kama hali ya hewa inacheka.

Na kama ni ziwa lenye viboko hiyo mita mbili isahau kabisa. Kiboko anatoka majini usiku kula majani na ana njia zake anazopita kila siku, ukiona kinjia kipana kimekanyagwa kinaingia majini usiweke hema juu yake wala kati yake na maji. Laleni pale wahusika wa hifadhi walipoonyesha, hawakupachagua kwa bahati nasibu.

Mzururaji_mpya

Asanteni sana jamani, kwanza mimi ni dada, hehe, mkuu mkuu mpaka nimejisikia nina ndevu. Nimepima kwenye ramani, kutoka barabarani mpaka geti la hifadhi ya kwanza ni kilomita 2.3 na ya pili ni 7 na kitu, kwa hiyo jibu limeshajipa, ya pili imekufa. Viti vimekufa. Boksi la barafu linakufa kwa shida, rafiki yangu bado analilia.

Sasa maswali mengine mawili. Maji ya kunywa, si tunaweza kuchota ziwani tukachemsha ili tusibebe? Na kuogelea je, maana ndo sababu kubwa ya kwenda. Na hilo jiko la gesi wataturuhusu kwenye basi?

Bomba_la_Kijani

Dada yangu maji ndo fani yangu kidogo kwa hiyo nivumilie nitakuwa mrefu.

Kuchemsha kunafaa. Yakishaanza kutokota kwelikweli, mapovu makubwa, yaache dakika 1 yanatosha, na kama mko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari yaache dakika 3 kwa sababu huko maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi. Kama yana tope yaache yatulie kwanza halafu chuja kwa kitambaa safi. Vidonge vya klorini navyo ni sawa, vingi vinataka dakika 30, soma paketi, ila kwenye maji ya tope vinashindwa kazi. LAKINI ukikuta maji yana utando wa kijani kama mtu kamwaga rangi, au povu la kijani limejikusanya ufukweni na linanuka, hayo usinywe hata ukiyachemsha saa nzima. Ule ni mwani wa sumu, na kuchemsha hakuondoi sumu yake, kunaweza hata kuifungulia ikatoka zaidi kwenye maji. Usiogelee hapo pia. Kwa hiyo mimi ningebeba maji ya siku ya kwanza na kuuliza getini kama kuna bomba.

Kuogelea: kwenye nchi za joto swali la kwanza ni kichocho. Vile vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji baridi na vinaingia kupitia ngozi, havihitaji kidonda, na dakika chache tu zinatosha. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete pembeni, yaani palepale ambapo mtu asiyejua kuogelea anaona ni pazuri kwa kuwa hapana mawimbi. Waulize wenyeji wa hapo na walinzi kama ziwa hilo lina kichocho, na mamba usisahau kuuliza. Ukiambiwa kipo basi usiingie, na hata maji ya kuoga ukiyachota yaweke siku mbili au yapashe moto kwanza maana nje ya konokono vile vijidudu haviishi zaidi ya saa 48 hivi. Na kama umeshaingia bila kujua usipanike, nenda kapime baada ya wiki kadhaa, dawa ipo inaitwa praziquantel.

Radi ikianza kunguruma toka majini hapohapo na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Watu wanapuuza hii kuliko zote.

Choo kama hakipo, shimo la sentimita 15 mpaka 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Sabuni nayo usiogee ndani ya ziwa, hata ile wanayoandika ya asili.

Konda_mstaafu

Nimepita humu nimecheka, nimefanya kazi ya ukonda miaka mingi ngoja niseme ya upande wetu. Gesi: mabasi mengi hayapokei mtungi, na hata konda akiutazama pembeni ujue buti la basi linapata joto kali na mizigo inabanana, mimi nisingependa kukaa juu yake. Uliza kabla ya kukata tiketi, usifiche. Kwa usiku mmoja kwa nini hata mpike? Bebeni chakula kisichotaka moto, mtaokoa jiko, sufuria, gesi na dakika arobaini za kutafuta kiberiti.

Ukipanda mwambie konda unaposhuka kwa jina ambalo yeye analijua, sio jina la hifadhi, sisi wengine tunajua pale kwa jina la daraja au la mti. Halafu mkumbushe tena njiani. Mzigo wako uingie butini mwishomwisho na upande wa mlango wa buti, wewe unashuka kati ya safari, ukiwa wa kwanza kuingiza basi zima litakusubiri na watakutukana kimoyomoyo. Pesa, simu na tochi vikae na wewe kitini. Na bebeni mfuko mkubwa wa plastiki mgumu, hema la Jumapili asubuhi huwa lina umande, mkilikunja bichi mkaliweka juu ya begi la abiria mwenzenu mtaona rangi zote. Mkifika nyumbani usiku huohuo lianikeni, hata kama mmechoka, likikaa limefungwa linapata ukungu na hema si lenu.

Mzururaji_mpya

Konda umeua, "jina la mti" hahaha. Basi mpango mpya: hifadhi moja, bila jiko, bila viti, basi la kurudi ni la saa nane mchana na lile la saa kumi ndo akiba, nimeuliza watu wawili kama Kigingi alivyosema na wote wamesema hivyohivyo. Kuogelea tutaamua baada ya kuongea na walinzi. Begi langu kilo 9, la mwenzangu 13 kwa sababu za boksi la barafu, amesema atalibeba mwenyewe na asisikie maneno.

mama_wawili

Muache alibebe, kilomita 2.3 zitamfundisha haha. Hilo hema mmeshalisimamisha hata mara moja nyumbani? La kuazima hilo.

Mzururaji_mpya

Nimetoka kulisimamisha sebuleni sasa hivi baada ya kusoma hii. Lina nguzo tatu, mfuko umeandikwa nne.

Kigingi

Mpigie mwenye hema LEO.