TI-81: mstari wima kwenye grafu ya y = 1/(x − 1) unatoka wapi?

Swali

Wakuu, grafu hii ikichorwa kwenye TI-81, kikokotoo cha grafu cha Texas Instruments, kwa mipaka ya kawaida, −10 hadi 10, panatokea mstari karibu wima jirani na x = 1. Nikiweka Xmin (mpaka wa chini wa x) −4.8 na Xmax (wa juu) 4.7, unatoweka. Je, kikokotoo kinachora asimptoti, yaani mstari ambao grafu huukaribia bila kuufikia? Na vya zamani zaidi, kama Casio fx-7000G, vilikuwaje?

Jibu la 1

Hapana mkuu, hakijui asimptoti ni nini. Skrini ina pikseli 96 kwa 64. Kati ya pikseli 96 kuna nafasi 95, hivyo kila hatua ya x ni 20/95, yaani takriban 0.2105. Kinakokotoa y kwa kila hatua, kisha kinaunganisha nukta zinazofuatana. Kwenye x = 0.947, y ni −19; hatua inayofuata, x = 1.158, y ni 6.33. x = 1 yenyewe imerukwa, kwa hiyo nukta hizo mbili zinaunganishwa, na huo ndio mstari wako.

Kwa −4.8 hadi 4.7, hatua ni 9.5/95 = 0.1 kamili. Hapo x = 1 inaguswa, kugawa kwa sifuri kunashindikana, na mchoro unakatika mahali panapostahili.

Lakini usiitegemee dawa hiyo peke yake: asimptoti ikiwa x = 1.25, mstari utarudi. Bonyeza MODE, badilisha Connected (kuunganisha nukta) iwe Dot (nukta tupu). Hasara yake ni kwamba mkunjo mkali utaonekana kama nukta zilizotawanyika.

Angalia mabano pia. 1/X−1 bila mabano ni grafu nyingine kabisa. Na −4.8 iandikwe kwa kitufe cha (−), si cha kutoa.

Jibu la 2

Naongezea: Ymin iwe −3.2 na Ymax 3.1, ili hatua ya y nayo iwe 0.1. Jaribu duara, nusu ya juu ikiwa Y1 = √(9−X²) na ya chini Y2 = −Y1. Kwa mipaka ya kawaida duara linabonyea, tena lina mapengo pembeni, kwa sababu x = 3 na −3 zinarukwa. Kwa mipaka hii linafunga vizuri.

Jibu la 3

Kuhusu fx-7000G ya 1985, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani: skrini ni 96 kwa 64 vilevile, ila kumbukumbu ya programu ni baiti 422 tu. Amri ya Defm huongeza nafasi za kuhifadhia namba juu ya zile 26 za mwanzo, na kila moja hula baiti 8. Defm 10 inakuachia 342. Ukifika nafasi 78 kwa jumla, zinabaki baiti 6, hazitoshi programu yoyote ya maana. TI-81 ya 1990 ilikuja na baiti 2400 na ukurasa wa Y= unaohifadhi fomula nne, maendeleo makubwa kweli. Tundu la waya wa kuhamishia programu haikuwa nalo. Hilo lilikuja na TI-85 mwaka 1992.