Vikundi vitatu, mtoto mmoja: tuunganishe sadaka ya watoto wa mitaani Mombasa?

MshikaFedha_Kikwajuni

Assalaam alaykum jamaa. Naomba mnisaidie kabla ya kikao chetu cha Jumapili, maana najua nakwenda kupigiwa kelele.

Mimi ni mshika fedha wa kikundi cha akinamama 23 hapa Kikwajuni. Tulianza na mchezo wa kawaida, kila mwezi anapokea mmoja. Mwaka 2021 nilikwenda Mombasa kumuuguza ndugu yangu aliyeolewa kule, na kila alfajiri nikawa napita Marikiti kununua mboga. Nikawaona watoto wamelala juu ya magunia ya vitunguu, wamebanana kama dagaa kikapuni. Mmoja kalala na kichupa cha gundi mdomoni, kakiuma kama mtoto mchanga na nyonyo. Niliporudi Unguja nikawahadithia wenzangu, tukakubaliana kila mtu atoe shilingi 5,000 kwa mwezi, mbali na mchezo. Ndugu yangu anazipokea, Ijumaa ya mwanzo wa mwezi anapika pilau na kugawa, na pesa zikibaki ananunua ndala na fulana. Tukajiona tumefanya jambo.

Mwezi uliopita nimekwenda tena, boti mpaka Tanga halafu basi la Horohoro, mpakani na Kenya (mgongo hadi leo unaniuma). Nikachukua na daftari la majina ya watoto wetu. Kule nikakutana na vikundi viwili vyengine. Kimoja cha akinamama wa Mombasa wenyewe, wanagawa uji asubuhi. Kingine cha vijana wa Kizanzibari wanaoishi Leicester, Uingereza, wana mtu wao pale anayegawa chakula Ijumaa. Ijumaa ileile yetu! Tukakaa mkekani nyumbani kwa ndugu yangu, kila upande na daftari lake.

Basi yupo mtoto ana kovu la moto kwenye kiganja cha kushoto, mwembamba, akicheka anacheka upande mmoja. Nilipolitaja kovu, wote wakarukia, "huyo wetu!" Kwetu yumo kwa jina moja, kwa wale wa Mombasa kwa jina jengine, na kwa wale wa Leicester kajiandikisha kwa jina la mchezaji wa Arsenal na mwandishi wao hakushituka. Kwetu ana miaka 10, kwa wenzetu 13. Kapata ndala jozi tatu mwezi mmoja, na siku niliyomuona alikuwa pekupeku. Nikamuuliza ndala ziko wapi. Akanambia, "Nimeziuza, bibi. Ukilala na ndala mpya unapigwa."

Sasa wale wa Leicester wanapendekeza mfuko uwe mmoja. Wenzangu nusu hawataki hata kusikia. Wanasema pauni zitazimeza shilingi zetu, na baada ya mwaka hakuna atakayejua kama tulikuwepo. Mmoja kasema waziwazi, "Sadaka yangu nataka niione ikiingia mdomoni." Mie mwenyewe sijui nisimame wapi. Kuna mtu kashafanya kazi ya namna hii pamoja na vikundi vyengine? Mliunganisha pesa, au mligawana kazi tu? Na pesa anashika nani?

Mtu_wa_Darajani

Waalaykum salaam. Nitauliza la kuudhi, mnisamehe. Forodhani hapa Unguja usiku kuna vitoto vinazunguka na karanga mpaka saa tano, na si vyote vina pa kurudi. Nyinyi mnavipita, mnapanda boti na basi kwenda kulisha nchi ya watu? Tulivyosoma chuoni, jirani mwenye njaa ana haki yake kwanza.

MshikaFedha_Kikwajuni

Hujaniudhi, swali lako hata nyumbani nimeulizwa. Wa Forodhani tunawajua, wawili tumewashonea sare za skuli mwaka huu. Lakini yule wa Marikiti nimemuona kwa macho yangu, siwezi kumfuta kwa sababu katikati kuna Horohoro. Na ukitaka kwenda kwenye mafundisho, msafiri aliyekwama yumo katika wale wanane wanaopewa zaka. Mtoto anayelala sokoni mbali na kwao, kama hakukwama huyo, nani kakwama? (Mie si shekhe, wenye elimu watanisahihisha.)

Mstaafu_ChakeChake

Bibie, nimekusoma mara mbili. Nimefanya kazi miaka tisa Mombasa na shirika moja la watoto wa mitaani. Kazi yangu ilikuwa kutembea usiku: Mwembe Tayari, Marikiti, kivukoni Likoni. Sasa nipo Pemba nafuga kuku. Jina la shirika nitaliwacha, kwa kuwa nina maneno nalo.

Mfuko msiunganishe, angalau kwa sasa. Unganisheni madaftari. Hicho mlichokifanya mkekani kwa mchana mmoja, sisi kilituchukua miaka minne, na tulikuwa na ofisi na kompyuta. Kila shirika lilificha orodha yake kama mganga anavyoficha mizizi. Sababu ni moja: mfadhili analipa kwa vichwa. Ikijulikana kwamba watoto 60 wako ndio hao hao 60 wa jirani yako, nyote wawili mnapunguziwa. Ungezijumlisha ripoti zetu na za wenzetu za mwaka mmoja, ungesema mji mzima unalala nje. Serikali ya Kenya ilipohesabu mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchi nzima, Mombasa 7,529, na humo wamo watu wazima na familia zao, si watoto peke yao.

Chakula nacho kitazameni. Mtoto anashiba mara mbili Ijumaa, Jumanne anavuta gundi kwa sababu gundi inakata njaa na inaziba baridi. Mkigawana siku tu, bila ya kuchanganya hata senti, mmeshamfaa. Lakini pilau halimtoi mtu sokoni. Anayemtoa ni yule aliyepewa jina lake la kweli, na hilo hulipati kwa sahani moja ya Ijumaa.

Nikupe mfano. Kulikuwa na mtoto mmoja tukicheza naye dama kwa vizibo vya soda, chini ya taa ya duka, kila usiku, na hatuzungumzi la maana. Tulipofika mwezi wa saba hivi wa kucheza naye, katikati ya mchezo, akaropoka: "Hapa baridi, afadhali dago." Nikanyanyua kichwa. Mtoto wa bara hajui dago, kambi ya wavuvi! Nikamuuliza, dago la wapi? Akasema la Shimoni. Kumbe mtoto wa kwetu, kaskazini Pemba. Alifuatana na mjomba wake kwenda dago upande wa Kenya, wakagombana kwa ajili ya samaki walioharibika, akadandia matatu mpaka Mombasa. Hapo alikuwa na miaka kumi.

Kumrudisha ndiko kulikonifunza. Shirika letu lilikuwa na pesa za chakula, lakini fungu la nauli ya kuvuka mpaka hatuna. Shirika jengine lina nauli, lakini kazi zake zisitoke Kaunti ya Mombasa. Afisa wa watoto wa Kenya anataka barua ya ustawi wa jamii wa Zanzibar, ustawi wanataka sheha, kiongozi wa mtaa, athibitishe kwamba familia ipo na inamtaka. Sheha mwenyewe nilimpata kwa kuwa tulisoma darasa moja. Miezi mitano na nusu! Na mtoto mara mbili alikubali, mara mbili akaghairi, tukamsubiri. Ukimburura, atakuwa amesharudi sokoni kabla wewe hujamaliza kuandika ripoti. Mama yake alipomuona hakulia. Alimvua fulana, akamgeuza, akamkagua mgongo kama anayechagua samaki, kisha akasema, "Umekonda wewe." Akaingia jikoni.

Baada ya hapo lazima mtu aende kumtazama kila mwezi, anakwenda skuli au haendi, mjomba kamsamehe au bado. Kazi hiyo ndiyo inayomfanya abaki, na ndiyo isiyo na mfadhili, kwa sababu haina picha nzuri. Mimi niliifanya kwa baskeli ya shemeji yangu.

Jengine. Atakuja mtu kuwashauri mjenge kituo. Mkataeni. Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na tangu 2022 wana mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mtoto yeyote mnayemgusa apitie kwa afisa wa watoto, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure huko na huku.

Halafu nina swali langu. Umesema alikwita "bibi". Watoto wa Marikiti mwanamke wanamwita "mathe". Huyo wa kovu mmeshamsikiliza anavyozungumza?

Mzenji_Leicester

Salaam kwenu. Mimi ni mmoja wa hao "vijana" (nina miaka 51, ahsante). Na aliyelipitisha lile jina la Arsenal ni mimi. Mpira siufuatilii, ndiyo maana nimeingia.

Wazo la mfuko mmoja tulilitoa sisi, kwa hiyo nieleze. Taasisi yetu imesajiliwa kwa Charity Commission, wasimamizi wa taasisi za hisani huku. Mtu anayelipa kodi hapa akitoa pauni moja, serikali inatuongezea peni 25, lakini na sisi tunawajibika kuonesha kila senti ilikokwenda, hata ikiwa nchi ya mbali. Tukadhani mfuko mmoja utarahisisha karatasi. Nikisoma alivyoandika mzee wa Chake, naona tulikuwa tunatafuta wepesi wetu, si wa mtoto.

Hata wakubwa hawachanganyi kila kitu. Hapa London kuna Consortium for Street Children, tangu 1993 inayakutanisha mashirika ya watoto wa mitaani ya nchi nyingi, na kila moja limebaki na hesabu zake. Railway Children, la hapa hapa Uingereza, lilipokwenda Mwanza lilishirikiana na Cheka Sana ambao ni wenyeji.

Kwa upande wetu naweza kulipeleka hili kwa wenzangu: sisi tuwache kupika kabisa. Tulipe mshahara wa mtu mmoja wa kutembea usiku, mwenyeji wa Mombasa, na fungu la nauli za kurudi makwao. Akinamama wa Mombasa wana uji wao wa kila siku, hakuna anayewashinda hapo. Nyinyi Kikwajuni mnawajua masheha, mna jamaa Pemba, kutafuta familia na kuwatazama waliorudi mtatuzidi mbali. Iandikwe karatasi moja, kurasa mbili tu, nani anafanya nini na nani anampigia nani mtoto akipotea. Kuhusu kumezwa, mna haki ya kuogopa. Nimeona mimi hapa taasisi kubwa ikibandika nembo yake juu ya kazi ya wanakijiji. Basi karatasi iandikwe kwa Kiswahili, na sisi tutafsiri kwa ajili ya wakaguzi wetu, badala ya nyinyi kutafsiriwa yetu.

Mtu_wa_Darajani

Hiyo ya kwenda kuwatazama kila mwezi waliorudi, mkifika kwa wa Unguja niiteni. Nina vespa na Jumamosi sina kazi. Karanga za Forodhani bado sijazisahau.

MshikaFedha_Kikwajuni

Leo Jumamosi, kikao kesho.

Jana nilimwambia ndugu yangu asipike. Kanigombeza sana, mchele ulikuwa umeshachambuliwa. Badala yake kaenda Marikiti baada ya alasiri na kashata mbili tu, akamtafuta mwenye kovu, akakaa naye juu ya gunia. Jina hakumuuliza. Kamuuliza ndala kamuuzia nani na kwa bei gani. Shilingi 50 za Kenya, kwa mchukuzi wa mkokoteni, zote jozi tatu kwa mtu huyo huyo.

Mzee wa Chake, matamshi ndugu yangu hakuyatambua, anasema ameshachanganya na ya mjini. Lakini walipokuwa wanaagana, mtoto kamuuliza: "Yule bibi wa juzi atarudi na boti lini?"

Ndugu yangu anaapa hakumwambia mtu yeyote pale kama mimi nilikuja na boti.

Nimekutumia namba yangu faraghani. Kesho kikaoni nakwenda na daftari, mfuko nauwacha nyumbani.