Naomba ushauri: vipande vya akiki vinagongana kwenye mashine ya kutetema

Wakuu, habari zenu. Nang'arisha vipande vya akiki (jiwe la vito) kwenye mashine ya sahani inayotetema. Vikubwa havinisumbui, vinajizungukia vyenyewe. Vidogo ni vyepesi, vinaelea tu juu ya tope la unga wa kusagia. Nikavibandika vyuma mgongoni. Uzito ukatosha, ila sasa vinagongana hadi kingo zinamomonyoka, na vichembe vyake vinachora mistari kwenye uso niliokwisha kuulainisha kwa unga laini wa kusagia, namba 600. Nikavizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukabanduka usiku, asubuhi nikakuta fujo tupu. Nyie mnazungushia nini? Na gundi gani inashika chuma vizuri lakini inabanduka bila kupasua jiwe? Hii yangu nusura inivunjie kipande.