Wazee mliokwenda kutalii nje peke yenu, tupeane uzoefu (mimi ni Kairo)

Mwalimu Mstaafu
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimestaafu ualimu wa historia na jiografia. Misri ya kale nimeifundisha kwa ramani ya ukutani iliyoliwa na mchwa. Sasa nimekata tiketi ya Kairo. Si hija, si matibabu, wala sina mtoto huko. Naenda kutembea tu, na naenda peke yangu. Wanangu wameitisha kikao. Mliowahi kufanya hivi umri ukiwa umesogea, leteni mambo.

Kikokotoo Kimeniweza
Mwalimu, kwa kikokotoo hiki? Mafao yangu mimi yaliishia kwenye bati. Halafu Ngorongoro umeshafika, au unawahi mawe ya watu?

Mwalimu Mstaafu
Nimefika, na wanafunzi, nyuma ya lori. Swali lingine.

Mkunga wa Zamani
Umenitonesha. Kairo hiyohiyo, peke yangu, na watoto nao walipinga.

Siku ya kwenda Giza, kwenye piramidi, alinijia kijana mwenye adabu zake, ananiita "hagga", yaani hajjati, wakati mimi ni Mlutheri wa Machame. Tukakubaliana bei ya kupanda ngamia, tukaitaja mara mbili, na vidole tukahesabu. Ngamia akiinuka anaanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo kwanza unarushwa mbele kama unataka kumbusu shingo. Hapo kijana akaomba simu anipige picha. Nikampa, kwani mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania tandiko.

Tukaenda. Piramidi zikawa upande, watu wakapungua, tukazama nyuma ya kichuguu cha mchanga. Akasimama. Akasema ile bei ilikuwa ya kupanda. Kushuka kuna bei yake.

Jamani, mgongo wa ngamia ni mrefu. Ukiwa na nyonga ya miaka sitini na kitu huruki. Simu iko mkononi mwake, na dereva wangu yuko getini anakunywa chai. Nikamwambia "la, la," akatabasamu tu na kuketi kwenye jiwe. Anajua jua litamfanyia kazi.

Nikataka kupiga yowe, koo limekauka. Kilichotoka, sijui kilitoka wapi, ni vigelegele! Vile vya kumpokea mtoto. Na kumbe Wamisri nao kwenye harusi zao ndivyo wanavyofanya. Kikundi cha akina mama kikachungulia kutoka upande wa pili, wakaitikia! Wakaja wanapiga makofi, wanamtafuta bibi harusi. Nyuma yao akaja askari wa utalii, naye juu ya ngamia wake. Kijana hakungoja kuulizwa. Ngamia alipiga magoti palepale (anaanza na ya mbele, egemea nyuma), simu nikarudishiwa imefutwa hadi vumbi.

Na bado akaniomba bakshishi. Nikampa, nikamwambia ni ya ngamia.

Dada wa Mbezi
Nimecheka kwenye daladala mpaka konda kaniuliza nashuka wapi.

Mpare Halisi
Hapo kwenye bakshishi ndipo ulipoharibu. Mtu amekuteka halafu unamlipa?

Mkunga wa Zamani
Wewe ulikuwepo? Ngamia alikosa nini?

Makubazi
Mimi yangu ni Istanbul. Natembea Sultanahmet baada ya kuona Msikiti wa Bluu na minara yake sita. Mbele yangu mng'arisha viatu akaangusha brashi. Ni mchezo wao: ukimwokotea atashukuru mno, atakung'arishia "bure", kisha bei inakuja. Nilishaambiwa, nikairuka. Akaniwahi mtaa wa pili, akaiangusha tena! Na mimi nimevaa makubazi.

Mwana wa Kagera
Kilichonishika mimi Kairo si piramidi, ni Mto Nili. Nilisimama darajani jioni nikajiambia haya ni maji yetu ya Ziwa Viktoria, yamepita Jinja, yamepita Sudan, yamenikuta hapa. Machozi yalinilenga.

Mjuaji
Mkuu, punguza. Takriban asilimia 85 ya maji ya Nili yanayofika Misri yanatoka nyanda za juu za Ethiopia. Ya kwetu mengi hukaukia kwenye vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini.

Mwana wa Kagera
Basi nililia kwa ile iliyobaki. Umeridhika?

Kikokotoo Kimeniweza
Watu wanalilia maji nje ya nchi, kwangu bomba wiki ya pili halitoi.

Mzee wa Pangani
Mwalimu, sikiliza la maana. Kairo vibao vya magari vimeandikwa kwa herufi na tarakimu za Kiarabu. Uliyepita chuo cha Kurani utotoni utasoma vizuri. Kama hukupita, shika hili: kitone ni sifuri, kiduara ni tano. Ukiita gari kwa Uber, linganisha namba kabla hujafungua mlango. Mimi chuo cha Maalimu kwa fimbo zile hatimaye kilinilipa.

Goti Bovu
Tiketi ya kuingia ndani ya piramidi ya Khufu unalipia mbali na ya getini. Usinunue. Njia ni mwinuko na unapanda umejikunja, mahali pengine kimo ni kama mita 1.2 tu. Juu unakuta chumba cha mawe ya matale na jeneza tupu la jiwe.

Makubazi
Mimi nasema anunue. Mwalimu wa historia afike mlangoni arudi?

Mkunga wa Zamani
Wazee tunatembea na famasia mkobani. Dawa za presha na sukari ziwe kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari. Lakini kama mgongo wako unatumia tramadol, ile dawa ya maumivu, soma hapa mara mbili: Misri wanaidhibiti vikali. Mwaka 2017 mtalii Mwingereza alihukumiwa miaka 3 kwa kuingia na vidonge 290.

Mpare Halisi
Mimi nabeba tangawizi.

Dada wa Mbezi
Fedha weka za kadi. Taslimu zinaibiwa.

Mzee wa Pangani
Fedha weka taslimu, noti ndogondogo. Mwangalizi wa choo hana mashine ya kadi.

Kijana wa Sinza
Usimwambie mtu yeyote uko peke yako. Sema mumeo yuko hotelini.

Mwalimu Mstaafu
Mimi ni mwanaume.

Kijana wa Sinza
Basi mkeo.

Goti Bovu
Giza siku hizi kuna mabasi ya umeme yanayozungusha wageni humo ndani, hakuna haja ya ngamia. Jumba jipya la makumbusho liko karibu, lilizinduliwa rasmi Novemba 2025, na hazina ya farao Tutankhamun imehamia huko. Ukumbini unapokelewa na sanamu ya farao mwingine, Ramses wa Pili. Lipe siku nzima, viti vipo.

Dada wa Mbezi
Mkunga, simu si alikuwa nayo yeye? Picha zilitoka?

Mkunga wa Zamani
Ipo video. Ngamia mzima, mimi kuanzia shingo kushuka. Vigelegele vinasikika.

Dada wa Mbezi
Weka hapa!

Mpare Halisi
Aweke, lakini tusilipie kushuka.