Tunauziwa inchi, picha hatupewi: malalamiko kuhusu televisheni kubwa za bei nafuu

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia televisheni kubwa zinazolengwa kwa watu wenye bajeti ndogo, yaani zile za inchi 55 kwenda juu ambazo bei yake humfanya mtu wa kipato cha kawaida aseme "hii naiweza". Kadiri ninavyozichunguza ndivyo ninavyoona kwamba biashara hii imesimama juu ya kiini macho kimoja: boksi limejazwa namba ambazo hazimgharimu mtengenezaji kitu, na zile zinazoamua ubora wa picha hazimo kabisa. Mwenye fedha nyingi haathiriki sana, kwa sababu atachukua ya daraja la juu na mambo mengi yatakuwa sawa hata asiposoma chochote. Anayepigwa changa la macho ni yule aliyejibana, ambaye hana nafasi ya kununua mara ya pili.

Tuanze na hiyo 4K inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Maana yake ni pikseli 3,840 kwa 2,160, takriban milioni 8.3 kwa jumla, na ni kweli zipo. Lakini katika ukubwa huu karibu kila televisheni mpya ni 4K, kwa hiyo alama hiyo haimsaidii mnunuzi kutofautisha nzuri na mbovu. Tena, skrini ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 hivi, na ukipiga hesabu utaona kwamba mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita 2.6 hivi hawezi kuitofautisha 4K na Full HD (yenye robo tu ya pikseli hizo) kwa wingi wa pikseli peke yake. Halafu anatokea muuzaji wa kukushawishi uongeze fedha kwa ajili ya 8K!

Kisha kuna HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Mnunuzi anaposoma neno hilo kwenye boksi anaamini kwamba atapata mwanga mkali wa jua na giza nene la usiku katika picha moja, kwa kuwa ndivyo tangazo linavyoonyesha. Kinachomaanishwa ni kwamba televisheni inaweza kuipokea na kuisoma ishara ya aina hiyo. Kuionyesha ni habari nyingine. Filamu nyingi za HDR hutayarishwa kwa mwanga unaofika niti 1,000 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini), ilhali televisheni nyingi za daraja la chini huishia kwenye niti 250 au 300, tena taa zake zote za nyuma huongezwa na kupunguzwa kwa pamoja kwa sababu hazikugawanywa katika kanda, yaani sehemu zinazoweza kuwaka na kufifia kila moja peke yake. Kulipokea gunia si kulibeba. Matokeo yake ni kwamba filamu ileile, ikichezwa katika HDR kwenye televisheni hizi, mara nyingi huwa na giza lisiloonyesha kitu kuliko ikichezwa kwa njia ya kawaida, na mwenye nyumba anadhani tatizo ni intaneti yake.

Kuhusu namba za mwendo sitasema mengi. Kioo kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde kinaandikwa "240" kwa kutumia jina lolote la kibiashara lililobuniwa na kampuni husika, na namba halisi, ile ya hezi (mara ngapi kwa sekunde), utaitafuta mpaka uchoke. Mtazamaji wa kawaida wa taarifa ya habari anaishi vizuri kabisa na hezi 60. Sigombani na hiyo 60. Nagombana na uongo.

Kinachonichoma zaidi ni suala la aina ya kioo. Televisheni hizi nyingi, ziitwe LED au QLED, ni LCD tu yenye taa nyuma yake, na LCD hizo zina familia mbili kubwa. Kioo cha VA hutoa weusi mzito, ambapo tofauti kati ya nyeupe na nyeusi hufika 3,000 kwa 1 au zaidi, lakini rangi zake hufifia ukikaa pembeni. Kioo cha IPS huvumilia watu wanaokaa pembeni, ila tofauti hiyo hubaki karibu na 1,000 kwa 1, na usiku ukizima taa za sebuleni weusi wake unakuwa kijivu. Hakuna kilicho kibaya kwa kila mtu. Anayetazama filamu usiku akiwa amekaa katikati anahitaji cha kwanza, na familia yenye viti vya kuzunguka sebule nzima inahitaji cha pili. Hii ndiyo taarifa moja ambayo ingemwezesha mwenye bajeti ndogo kuchagua kwa akili, kwa sababu haiongezi bei hata kidogo, na ndiyo taarifa ambayo huikuti kwenye boksi, kwenye kijitabu cha maelekezo, wala mdomoni mwa muuzaji. Badala yake utaandikiwa "milioni moja kwa moja", namba inayopatikana kwa kupima mweupe taa zikiwa zimewaka zote, kisha kupima mweusi taa zikiwa zimezimwa!

Ubaya hauishii hapo. Toleo moja, lenye jina moja na tangazo moja, linaweza kuwa na kioo cha VA katika inchi 55 na 65, na kioo cha IPS katika inchi 50 au 75. Wapimaji wanaotegemewa kwa kawaida hupima saizi moja tu, na sifa zote za saizi hiyo zinabebeshwa ndugu zake wote. Hiki ndicho kilichonitokea mimi: kampuni ilitangaza toleo lake kwa kunukuu sifa zilizotokana na vipimo vya saizi ya kati, na saizi kubwa iliyofika kwangu ikawa na kioo cha aina nyingine kabisa, chenye weusi wa kijivu usiostahili hata kulinganishwa na ule uliosifiwa. Nilipowasiliana na huduma kwa wateja nilielekezwa kwenye mstari mmoja chini ya boksi, wa maandishi madogo mno, usemao kwamba sifa zinaweza kubadilika bila taarifa. Yaani mteja ndiye mwenye wajibu wa kutabiri.

Mtasema mtu si aende dukani akaone kwa macho yake? Dukani ndiko kiini macho kinakokamilika. Taa za duka ni kali kiasi kwamba kijivu kinaonekana cheusi, televisheni zimewekwa katika hali ya maonyesho yenye rangi zilizokolezwa kupita kiasi, na kinachochezwa ni ile video ya maua, asali inayomiminika na kasuku, iliyorekodiwa taratibu ili udhaifu wa mwendo usionekane. Jaribu kutoa flashi yako mfukoni uombe uwekewe picha tatu tu, yaani tukio la usiku kutoka kwenye filamu, dakika chache za mpira, na ukurasa mtupu wa kijivu. Niliambiwa kwamba rimoti haipo. Ukurasa wa kijivu ndio wanaouogopa, kwa maana unaonyesha michirizi ya wima na mabaka kwenye kioo ambayo baadaye, kamera inapoufuata mpira kutoka goli moja hadi jingine, utayaona yakiwa yamesimama juu ya nyasi dakika zote 90. Ukishayaona mara moja, macho hayayaachi tena.

Sasa nifike kwenye taa za nyuma, kwa kuwa hapa ndipo bei nafuu inapodai deni lake. Wengi humu mnaijua hali hii: sauti inasikika, rimoti inaitikia, kitaa cha chini kinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Ukizima taa za chumba na kumulika kioo kwa tochi kwa karibu, unaiona picha ikitembea hafifu. Televisheni haijafa, ila haina mwanga. Yangu ilifanya hivyo dhamana ikiwa imeisha majuzi tu, na fundi alipoifungua mbele yangu alinionyesha mikanda mirefu ya alumini iliyopangwa kwa mlalo, kila mmoja ukiwa na taa chache zilizoachana sana, na kila taa ikiwa imefunikwa kikofia cha plastiki cha kusambaza mwanga. Baadhi ya vikofia vilikuwa vimebanduka kwa joto na kulala chini ndani ya televisheni. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vimesababisha yale madoa meupe ya duara niliyoyalalamikia mapema na kujibiwa kwamba ni "kawaida". Taa moja ilikuwa na nukta nyeusi katikati ya rangi yake ya njano. Kwa kuwa taa hizo zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikata mkanda mzima unazimika, na mfumo wa umeme ukihisi hitilafu unazizima zote ili kujilinda.

Sababu yake si bahati mbaya. Ili kufikisha mwanga unaotakiwa kwa taa chache, kila taa inasukumwa kwa mkondo mkubwa, na televisheni inatoka kiwandani ikiwa na mwanga wa nyuma uliopandishwa karibu na mwisho ili ing'ae dukani. Fundi alibadilisha mikanda na kupunguza mkondo, jambo ambalo kiwanda kingeweza kulifanya tangu mwanzo. Wenye televisheni za aina hii, nendeni kwenye mipangilio ya picha leo hii mshushe mwanga wa nyuma hadi nusu au juu kidogo ya nusu; picha ya usiku itakuwa nzuri zaidi na taa zitadumu zaidi. Na mtu asikurupuke kuifungua mwenyewe, maana kuifikia mikanda hiyo kunalazimu kukiondoa kioo, na kioo cha inchi 65 ni chembamba kiasi kwamba kikipinda kidogo tu kinapasuka, na bei ya kioo kipya inakaribia bei ya televisheni nzima.

Upande wa intaneti nitaupitia haraka kwa sababu una dawa. Nyingi za bei ya chini zina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 1 au 1.5 na hifadhi ya gigabaiti 8, ambayo sehemu yake kubwa imeshikwa na mfumo endeshi wenyewe, hivyo baada ya masasisho machache programu zinaanza kukwama. Kifaa kidogo cha nje cha kuchomeka kwenye HDMI, lile tundu la kupokea picha na sauti, kinamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Jambo lisilo na dawa rahisi ni upelelezi. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kumaliza shauri la kukusanya taarifa za kile kinachotazamwa kupitia televisheni milioni 11 bila idhini ya wenye nyumba. Ukiwasha televisheni mpya na kuulizwa ukubali kurasa nyingi za masharti, soma walau kile kipengele cha kutambua unachotazama, ukikatae.

Najua kuna atakayeniambia kwamba anayetaka bei ndogo avumilie. Sikubali. Anayelipa kidogo anajua atapata kidogo, ila ana haki ya kujua ni kidogo cha nini. Mimi mwenyewe ningemshauri mtu mwenye bajeti finyu achague inchi 55 yenye kioo kizuri na taa zilizogawanywa kwa kanda kuliko inchi 65 isiyo na hata kimoja, ingawa naelewa kishawishi, kwani inchi hizo 10 zinaongeza eneo la picha kwa takriban asilimia 40 na jicho linaliona hilo papo hapo. Ningemwambia pia aangalie toleo la mwaka uliopita la daraja la kati kabla ya kukimbilia toleo jipya la daraja la chini, na abakize fedha kidogo ya spika za nje, maana televisheni nyembamba zinatoa sauti kwa kuielekeza chini au ukutani. Na apime meza yake, kwa sababu miguu ya hizi kubwa huwekwa pembeni kabisa na meza ya kawaida haifiki. Lakini ushauri wote huu unahitaji taarifa ambazo zimefichwa, na ndiyo maana nimekuja kulalamika badala ya kushauri.

Wala msiniambie kwamba haiwezekani kuziandika. Tangu tarehe 1 Machi 2021, Umoja wa Ulaya unalazimisha kila televisheni mpya iwe na lebo inayoonyesha umeme inaotumia kwa kila saa 1,000, kwa picha za kawaida na kwa HDR kila moja kando, pamoja na ukubwa wa skrini na idadi ya pikseli. Watengenezaji walewale waliokuwa hawana nafasi kwenye boksi waliipata mara moja. Basi waongezewe mistari minne: aina ya kioo kwa saizi hiyohiyo iliyomo ndani ya boksi, mwanga wa juu kwa niti, hezi halisi za kioo, na miaka ambayo mfumo endeshi utaendelea kupokea masasisho.

Wauzaji na waagizaji mliomo humu, ninyi ndio ninaowasubiri. Leteni namba kamili ya toleo mnalouza sana katika inchi 65, na mwandike hapa kioo chake ni cha aina gani na taa zake za nyuma zimegawanywa katika kanda ngapi. Na ninyi mliokwisha kuzimikiwa taa za nyuma, andikeni toleo, saizi, na kama dhamana ilikuwa bado hai.