Wasichana 11 wanatapika dakhalia, na sanitaiza haijasaidia kitu

Mlezi wa dakhalia, Wete
Assalaam alaykum. Nalea wasichana 42 katika vyumba viwili. Jumapili usiku mmoja alitapika baina ya vitanda. Tukapiga deki kwa sabuni ya unga, tukalala. Jumanne wakaanguka watano kwa mpigo, leo Jumatano wamefika 11. Wanatapika kwanza, kisha wanaharisha. Kila mlango nimeweka sanitaiza, na bado. Maji tunateka kwenye pipa kwa kata moja. Usiku wa jana mmoja kanishika mkono, "Mama, nakufa." Wazazi wanataka kuja kuwachukua. Nifanye nini?

Nesi mstaafu, Chake Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza piga simu kituo cha afya, sasa hivi. Dalili zinafanana na norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha, lakini kwa macho tu huwezi kuitenga na kipindupindu, na sisi Zanzibar kipindupindu tunakijua. Ukiona choo kama maji ya mchele, au mtoto macho yamedidimia na hakojoi, usingoje simu, mpeleke.

Sanitaiza ya spiriti haikiwezi vizuri kirusi hiki. Kinaondoka kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kwa hiyo, kata hiyo itoe leo leo, utafute ndoo yenye bomba. Kila anayechota anachovya na vidole vyake.

Matapishi usiyapige deki, unayatandaza. Vaa glavu, ziba pua na mdomo, fungua madirisha, funika kwa matambara. Mimina jiki: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Wacha dakika 10 ndipo uzoe. Usiichanganye na dawa nyengine ya choo. Shuka zikunje taratibu, usizikung'ute.

Wape ORS, zile chumvichumvi za pakiti za kuharisha, kidogo kidogo. Zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena.

Wazazi waombe wasubiri hadi watu wa afya wafike. Mzima wa leo anaweza kuanza kesho, akiwa keshampakata mdogo wake nyumbani.

Mpishi wa skuli, Mkoani
Dada, na jikoni je? Kwetu niliyewaangusha watoto nilikuwa mimi. Niliharisha Ijumaa, Jumamosi nikajiona mzima nikarudi kukata kachumbari. Nesi alinambia baadaye: saa 48 tangu kuharisha kukome, ndipo urudi kwenye chakula. Bado inaniuma. Na masinia yaondoe kwa sasa, kila mtoto sahani yake na kijiko chake.

Mlezi wa dakhalia, Wete
Nimemwita mpishi wetu wa asubuhi nikamuuliza kwa upole. Alitapika Jumapili mchana, Jumatatu alikuwepo jikoni. Hakusema kwa kuogopa kukatwa siku yake. Nimemrudisha nyumbani, na siku zake nitazidai mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Ndoo mbili za bomba zimepatikana. Watu wa afya wako njiani.